Yah: Saini Isiyokanushika

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Kurugenzi Kuu ya Biashara ya Nje,
Vanijya Bhawan, New Delhi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Dar es Salaam, mji ambao ofisi yako inaufahamu kwa magunia kuliko kwa barua. Desturi ya huku ni kuandika "husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha mtu akatumbukia kwenye shida zake bila hata kuuliza hali. Nisamehe nikiivunja desturi hiyo. Mgeni hupewa kiti kwanza, na kiti chako leo ni sifa.

Nakusifu kwa saini. India iliipa saini ya kidijitali nguvu ya kisheria tarehe 17 Oktoba 2000, siku Sheria yenu ya Teknolojia ya Habari ilipoanza kutumika. Tanzania ilingoja hadi Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Katika jambo hili ninyi ni kaka mkubwa, nasi tumekaa nyuma ya darasa tukinakili. Ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe badala ya kuwasumbua wakubwa wa hapa. Swali hupelekwa kwa aliyesoma. Langu ni moja tu, na nitalifikia, ila kwanza kuna watu wa kuwaelewesha.

Wasomaji wangu, ambao wataisoma barua hii kabla yako na pengine badala yako, wanahitaji kujua tunazungumzia kitu gani. Mwenye kinu cha dali kule Mumbai akitaka leseni ya kuingiza bidhaa iliyowekewa masharti, haji tena ofisini kwako na faili kwapani. Ana namba yake ya uagizaji na usafirishaji, alama kumi za herufi na tarakimu, ambayo tangu kodi ya GST ilipoanza mwaka 2017 ni ileile namba yake ya mlipakodi. Kisha anaitafuta mamlaka ya kuthibitisha yenye leseni. Ziko kadhaa: kuna eMudhra ya Bengaluru, kuna (n)Code, ambayo ni tawi la kampuni ya mbolea ya Gujarat. Hili la mwisho lilinifurahisha. Kumbe hata saini hustawi penye mbolea.

Huko mwombaji anatoa vitambulisho, anajieleza mbele ya kamera, video inahifadhiwa, ndipo anapewa cheti. Cheti kinakaa ndani ya tokeni, kidude cha USB ambacho kijana wa Kariakoo angekiita flashi bila kujali hadhi yake. Humo ndani huzaliwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo haupaswi kutoka humo hadi mwisho wa uhai wake. Mwenzake, ufunguo wa umma, hutangazwa kwa kila anayetaka kuujua. Mwombaji akibonyeza kitufe cha kusaini, kompyuta hulikamua ombi zima likawa muhtasari mfupi wa kihisabati, tokeni ikaufunga muhtasari ule kwa ufunguo wa siri, na mitambo yako ikaukagua kwa ufunguo wa umma. Koma moja ikihamishwa baada ya hapo, hesabu zinakataa. Na isidhaniwe kwamba cheti kinajishuhudia chenyewe: kimesainiwa na mamlaka iliyokitoa, nayo mamlaka hiyo cheti chake kimesainiwa na Msimamizi wa Mamlaka za Kuthibitisha hapo kwenu New Delhi, ambaye ndiye mzizi wa mti wote.

Zamani kulikuwa na madaraja ya vyeti, la kwanza, la pili na la tatu, kulingana na ukali wa uhakiki. Tangu 1 Januari 2021 daraja la pili halitolewi tena. Anayesaini mambo ya serikali anapewa la tatu, lililo kali zaidi. Kwa wanaosafirisha na kuagiza kulikuwa hata na aina maalumu iliyobeba namba ya mfanyabiashara ndani ya cheti chenyewe, ili mtu asije akasaini kwa jina lake akidai mzigo wa shemeji yake.

Matokeo ya yote hayo ni kwamba aliyesaini hawezi kuja kesho akasema sikuwa mimi. Sheria haimsikilizi kirahisi, na hesabu hazimsikilizi kabisa.

(Najua, na wewe unajua, kwamba tokeni nyingi hazilali mifukoni mwa wenyewe. Zinalala katika droo ya karani au ya mhasibu, zimefungwa pamoja kwa mpira, kila moja na namba ya siri imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa juu yake. Hesabu huthibitisha kwamba tokeni ilisaini. Kwamba mwenyewe alikuwepo, au hata alikuwa macho, hilo ni la karani. Lakini leo sikuja kwa ajili ya droo.)

Sifa moja zaidi kabla sijakaa vibaya. Kizazi cha wazee wenu kiliishi chini ya kile ambacho Rajagopalachari, gavana mkuu wa mwisho wa India, alikipinga kwa nguvu: utawala wa leseni, vibali na mgawo. Kuanzia 1947 mlikuwa na sheria ya kudhibiti uagizaji na usafirishaji, na ofisi iliyokuwa baba wa ofisi yako iliamua nani alete mashine gani, ngapi na kutoka wapi. Mwaka 1991 mlifungua madirisha, mwaka 1992 mkatunga Sheria ya Maendeleo na Udhibiti wa Biashara ya Nje, na vibali vingi vikafutika. Vile vilivyobaki mkavihamishia kwenye kompyuta, na mwaka 2020 mkazindua jukwaa jipya ambamo mtu huomba, hulipa na husaini bila kukutana na sura ya ofisa yeyote. Hii ni hatua kubwa. Meza isiyoonekana haina mahali pa kuweka bahasha. Wapo watu katika miji miwili mitatu ninayoifahamu ambao wangeomba jukwaa lile libomolewe kwa sababu hiyohiyo.

Sasa nije kwenye magunia.

Mheshimiwa, huku kwetu kuna zao linaitwa mbaazi, ninyi mnaita tur au arhar. Pwani tunalipika kwa nazi tukalila na mahamri asubuhi, lakini hamu yetu ni ndogo na mashamba ni makubwa. Lindi, Mtwara, Babati kule Manyara, mkulima hapandi mbaazi kwa ajili ya chungu chake. Anapanda kwa ajili ya chungu cha India. Hana mnunuzi wa pili wa kumtishia nao wa kwanza.

Mwaka 2015 bei ya dali kwenu ilipanda mpaka kilo ikafika takriban rupia 200, na magazeti yenu yakawaka moto. Mwezi Julai 2016 Waziri Mkuu wenu akaja Afrika. Kule Msumbiji yalitiwa saini makubaliano ya kununua mikunde, kuanzia tani 100,000 na kupanda hadi 200,000 kwa mwaka. Alipofika Dar es Salaam, mikunde ilizungumzwa pia, kwa maneno mazuri, bila tarakimu. Mkulima alielewa alichoelewa, akapanda. Wakulima wenu nao walipanda, mvua ikawa njema, India ikavuna mikunde kwa rekodi.

Tarehe 5 Agosti 2017, ofisi yako ikatoa tangazo namba 19. Mbaazi, ambayo jana yake ilikuwa huru kuingia India, ikawa bidhaa yenye masharti: tani 200,000 tu kwa mwaka wa fedha, kutoka dunia nzima. Mizigo ya makubaliano ya serikali kwa serikali haikuguswa, kwa hiyo Msumbiji alipona. Sisi wa maneno mazuri hatukupona. Agosti ni mwezi ambao mbaazi zetu zinatoka shambani. Bei ilianguka mpaka wapo walioona ni afadhali kuziacha zikaukie mashambani kuliko kulipa vibarua wa kuzivuna. Kati yetu na Msumbiji ni mto Ruvuma tu, na mbaazi haina paspoti. Zaidi ya hapo sisemi.

Wahenga wetu walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mwaka ule maua yalikuwepo, maganda yalijaa, na jua halikuwa na kosa lolote. Tulibaki hatuna wa kumsingizia isipokuwa karatasi moja iliyotoka New Delhi, na hiyo, kwa bahati mbaya, ilikuwa imesainiwa sawasawa.

Nisieleweke vibaya. Mkulima wa Maharashtra na wa Kalaburagi naye aliuza chini ya bei ya kima cha chini iliyotangazwa na serikali yake mwaka huo, na serikali inayomtazama mkulima wake akizama huku meli zikishusha dali za kigeni haitakaa muda mrefu madarakani. Kumlinda ni haki yenu. Tena sisi si malaika: Juni mwaka huohuo wa 2017, serikali yetu ilizuia mahindi yasiyosagwa kwenda nje, na mnunuzi wa Nairobi aliyekuwa ameshalipa alijifunza jiografia ya mpaka wa Namanga kwa gharama yake. Kwa hiyo barua hii inatoka kwa jirani mwenye boriti yake jichoni. Hata hivyo kibanzi chako nakiona vizuri.

Swali langu sasa.

Katika utaratibu wenu wa vyeti kuna kanuni moja nzuri sana, na nadhani ninyi mlioizoea hamuioni tena uzuri wake. Kila cheti kinazaliwa kikijua siku yake ya kufa. Mwaka mmoja, miwili au mitatu, haizidi hapo, na tarehe imeandikwa ndani ya cheti, yeyote anaweza kuisoma. Kikitokea kisa, tokeni imepotea au karani amegombana na tajiri, cheti hufutwa kabla ya siku yake na namba yake huingizwa katika orodha ya vyeti vilivyofutwa, orodha iliyo wazi kwa dunia nzima, pamoja na saa ya kufutwa. Na hapa ndipo nilipovua kofia: cheti kikifutwa leo mchana, saini zilizowekwa jana na asubuhi ya leo hazifi. Zilikuwa halali zilipowekwa na zinabaki halali. Kufuta kunatazama mbele tu.

Kwa nini basi sera yako ikifutwa, inakufa pamoja na jana yake?

Mwuzaji wa Dar es Salaam aliyekubaliana na mnunuzi wa Mumbai mwezi Juni 2017, bei ikapangwa, magunia yakashonwa, mzigo ukafukizwa dawa, cheti cha afya ya mimea kikatolewa, cheti cha uasili kikagongwa muhuri pale chemba ya wafanyabiashara, kontena likapelekwa bandarini: huyo alifanya kila jambo lilipokuwa halali. Tangazo likamkuta akingoja meli. Mnunuzi wake ana tokeni yenye ufunguo usiotoka, cheti cha daraja la juu, mnyororo wa saini hadi kwenye mzizi wa taifa. Vyote hivyo vinathibitisha bila shaka kwamba mnunuzi ni mnunuzi na alisema alichosema. Havisemi kitu kuhusu yule aliyemwambia mnunuzi kwamba mlango uko wazi.

Utanijibu kwamba upo mlango wa dharura, na kweli upo. Sera yenu ya biashara ya nje, aya ya 1.05, inasema bidhaa ikigeuzwa kuwa ya masharti, mzigo ulioagizwa kabla ya tangazo lakini haujapakiwa melini unaweza kuingia endapo ulifunguliwa barua ya mkopo ya benki isiyoweza kubatilishwa kabla ya tarehe ile, na barua hiyo ikasajiliwa katika ofisi yako ya kanda ndani ya siku 15. Nimeisoma aya hiyo kwa heshima. Aliyeiandika alikuwa akimwaza mwagizaji wa mitambo kutoka Ujerumani. Mbaazi za Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa huuzwa kwa nyaraka dhidi ya malipo, kwa simu, kwa wasapu, kwa kujuana kwa miaka mingi. Barua ya mkopo ni ghali, inachukua muda, na benki inataka dhamana ambayo mchuuzi wa tani 100 hana. Mlango wa dharura mnao. Mmeuweka ghorofa ya nne.

Tena naelewa sababu yake. Mngekubali mkataba wowote wa karatasi, kesho yake New Delhi ingefurika mikataba ya mwezi uliopita, wino ukiwa bado mbichi. Mnataka barua ya benki kwa sababu tarehe ya benki haipindiki kirahisi.

Lakini Mheshimiwa, si ndicho kitu ambacho mmekijenga kwa miaka zaidi ya 20? Mnunuzi wenu ana tokeni. Asaini nayo mkataba wa mauzo kwenye jukwaa lako siku anapokubaliana, mitambo yako iupige muhuri wa saa, ukae humo. Siku tangazo likitoka, hakuna wa kurudi nyuma kuuchomeka, maana hesabu hazirudi nyuma. Nyenzo ile mnayoitumia kumzuia mfanyabiashara asikane neno lake ingetosha kabisa kumthibitishia kwamba hakulibuni neno hilo jana usiku. Haihitaji sheria mpya kubwa. Inahitaji sentensi moja katika aya ya 1.05. Sentensi hiyo ikiwepo, mwuzaji wa Dar es Salaam atamwambia mnunuzi wake, saini kwanza kwa tokeni, ndipo nishone magunia.

Ukitaka ushahidi kwamba saa ya saini inaweza kuifunga serikali pia, usije kuutafuta kwetu. Uko kwenye Mahakama yenu ya Juu. Tarehe 16 Februari 2019, siku mbili baada ya shambulio la Pulwama, serikali yenu ilipandisha ushuru wa bidhaa zote za Pakistan hadi asilimia 200. Tangazo lilisainiwa kidijitali na kupandishwa kwenye gazeti la serikali la kielektroniki saa 20:46:58 jioni. Lakini asubuhi na mchana wa siku hiyo, pale mpakani Attari, wafanyabiashara walikuwa wameshaleta bidhaa na kuwasilisha nyaraka zao za forodha kwa mtandao, kwa ushuru wa zamani. Forodha ikawadai ule mpya. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba siku ni siku: sheria iliyotoka jioni ilikuwa imeamka tangu usiku wa manane. Ni hoja ya kupendeza. Kwa mujibu wake mtu angeweza kuvunja asubuhi sheria ambayo mwandishi wake bado anakunywa chai.

Septemba 2020, katika shauri la G.S. Chatha Rice Mills, mahakama iliikataa. Ilisema kwamba katika zama ambazo tangazo la serikali linabeba saini ya kidijitali na muhuri wa saa, dakika na sekunde, hakuna sababu ya kujifanya kwamba saa hiyo haijulikani. Tangazo lilianza kufanya kazi lilipopandishwa, na si dakika moja kabla. Wenye magari ya Attari wakaokolewa na muhuri wa saa.

Sina shahada ya sheria, ila hukumu hiyo niliisoma kwa furaha ya mtu aliyemwona bwana mkubwa akikamatwa kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Ningependa kuishia hapo, lakini uaminifu unanidai niseme la pili. Mwezi mmoja kabla, Agosti 2020, mahakama hiyohiyo katika shauri la Agricas ilithibitisha kwamba mamlaka yenu ya kuwekea mikunde kikomo ni halali, na waliojificha nyuma ya amri za muda za mahakama za chini kuleta mizigo nje ya mgawo hawakupata huruma. Kwa hiyo naomba tusibishane juu ya mamlaka. Unayo. Mimi nazungumzia adabu ya kuyatumia.

Na adabu hiyo si kitu kigeni baina ya pande hizi mbili za bahari. Katika karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa Jairam Shivji, mfanyabiashara wa jamii ya Bhatia ambaye ukoo wake ulitoka Mundra, huko Kutch, palipo leo na bandari kubwa ya makontena. Alimlipa Seyyid Said kiasi maalumu kwa mwaka, akakusanya ushuru. Sina haja ya kuupamba wakati ule, wala pembe na watu waliopita katika forodha hiyo. Ila kila nahodha aliyetia nanga Zanzibar alijua atatozwa nini na nani kabla hajang'oa nanga kwao.

Tarehe 15 Mei 2021 mbaazi ikawa huru tena kuingia kwenu. Shukrani. Wakati huo mliifungua hadi mwisho wa Oktoba, kisha mkasogeza, mkasogeza tena, mwaka hadi mwaka, na moja ya tarehe hizo ikawa 31 Machi 2026. Msumbiji na Malawi wao mwaka 2021 walipata makubaliano ya miaka mitano mitano, tani zikaandikwa: 200,000 kwa mmoja, 50,000 kwa mwingine. Mkulima wa Nachingwea yeye ana tarehe inayosogea. Anapanda mvua zikianza, Novemba au Desemba, na kuvuna kuanzia Julai. Maana yake anafukia mbegu chini ya ruhusa itakayokwisha Machi, miezi kabla ganda la kwanza halijakauka. Habari kwamba imeongezwa humfikia mwishoni mwa Desemba, au Januari, mbegu zikiwa zimeshaota. Sasa mbaazi zake zinauzwa kwa stakabadhi ghalani na mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), bei zinaonekana kwenye skrini, kila kitu cha kisasa. Skrini hiyo haiwezi kumwonyesha kilichomo kwenye droo yako.

Cheti cha mwenye kinu kinadumu hadi miaka mitatu. Sera inayompa kazi ya kukitumia inadumu mwaka, na wakati mwingine miezi. Mfanyabiashara anaweza kununua tokeni Januari kwa ajili ya mlango utakaofungwa Machi, na tokeni ikabaki hai, imara, haikanushiki, haina cha kusaini.

Kwa hiyo ombi langu, baada ya sifa zote hizo, ni dogo. Tangazo la kila msimu litoke mwezi Oktoba, kabla ya mvua zetu, likiwa na tarehe ya mwisho isiyopungua mavuno mawili, limesainiwa na ufunguo wenu wa siri kama kawaida. Likibidi kufutwa, lifutwe kama mnavyofuta cheti: kwa kuangalia mbele. Na mkataba uliosainiwa kwa tokeni kabla ya saa ya kufutwa uhesabiwe kuwa hai hadi meli ifike. Mkifanya hivyo nitakuwa wa kwanza kuwaambia wakubwa wa Dodoma waje kujifunza kwenu, nami nitawabebea daftari.

Ningependa kuisaini barua hii kama inavyostahili ofisi yako. Bahati mbaya mimi ni mtu wa kalamu; nimeisaini kwa wino wa bluu, nikaipiga picha kwa simu. Unaweza kuikanusha wakati wowote.

Wako mtiifu,
Mwandishi, Dar es Salaam.

Nakala:
Mwenye kinu, Mumbai: kwa taarifa. Tafadhali itoe tokeni kwenye droo ya karani.
Wizara ya Kilimo, Dodoma: kwa taarifa, na ile sehemu ya mahindi, kwa utekelezaji.